Nani Ameshika Upanga? Namna ya Kupima Uwakilishi Katika Filamu za Kale za Mapanga na Maharamia

Ukimwomba mtu ahesabu sura katika filamu ya zamani ya maharamia, atakuletea hesabu nzuri kuliko hali yenyewe. Sitaha imejaa watu wa kila rangi: mmoja amevaa kilemba, mwingine yuko kifua wazi, wa tatu anapiga ngoma. Sasa punguza sauti ufuate mikono tu. Nani ameshika upanga? Nani anapewa pambano la mtu kwa mtu, lenye maneno ya kuanzia na ushindi au kifo cha kumalizia? Hapo sitaha nzima hubaki na watu wawili, na mara nyingi wote wawili ni wa kundi moja.

Ndiyo njia tunayoipendekeza: anza na upanga, sura zifuate. Katika filamu za aina hii upanga ndio unaomtenga mtu na pambo. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa filamu, mwandishi wa uhakiki, kiongozi wa klabu ya sinema, na pia mwandishi wa miswada anayetaka kutunga hadithi mpya ya mapanga bila kurithi makosa ya zamani. Filamu hizi ni nzuri, na zinastahili kutazamwa kwa macho yaliyo wazi.

Filamu zipi, nakala ipi

Usichambue filamu moja peke yake. Moja itakueleza habari za stelingi wake. Tatu zitakuonyesha mazoea. Chukua tatu zinazogusana kwa mahali au kwa hadithi. Seti ya Baghdad: The Thief of Bagdad ya 1924, ile ya 1940, na Arabian Nights ya 1942. Seti ya bahari: Captain Blood ya 1935, Anne of the Indies ya 1951, Against All Flags ya 1952. Seti ya California: The Mark of Zorro ya 1920 na ya 1940, kisha The Mask of Zorro ya 1998. Ukiwa mgeni anza na Baghdad, kwa sababu hadithi karibu ni ileile na mabadiliko yanaonekana waziwazi.

Kabla ya kukaa, angalia urefu wa nakala yako. Captain Blood kamili ni dakika 119. Nakala iliyo fupi sana kuliko hapo imekatwa, na wanaokatwa kwanza huwa ni wahusika wadogo, yaani haohao unaowatafuta. Kwa filamu bubu dakika hazisaidii, maana muda hubadilika na kasi ya kuizungusha. Linganisha orodha ya matukio badala yake. Epuka nakala iliyoingizwa sauti za lugha nyingine, kwa kuwa lafudhi ni ushahidi. Epuka pia filamu ya nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi baadaye kwa kompyuta: rangi ya ngozi unayoiona pale ilichaguliwa na fundi wa miaka mingi baadaye, haitoki kwenye kamera.

Jedwali

Chora jedwali lenye safu 8, mstari mmoja kwa kila mhusika anayeonekana kwa karibu angalau mara moja:

1. Jina la mhusika kama linavyotamkwa ndani ya filamu
2. Mahali mhusika anapodaiwa kutoka
3. Jina la mwigizaji
4. Mahali mwigizaji alipozaliwa na asili yake
5. Anazungumza na nani, kuhusu nini
6. Silaha yake
7. Daraja la upanga, 0 hadi 4
8. Yuko wapi mwishoni

Itazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe wala usiandike; acha ikuchukue kama ilivyokusudiwa, ili ujue ni wapi ulishangilia na nani alikuwa nje ya fremu uliposhangilia. Mara ya pili ndipo uwe na kalamu na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Filamu ya dakika 100 hula saa 3 hadi 4 kwa mtindo huu. Ukijaribu kufanya yote kwa mara moja, utajaza vizuri mistari ya stelingi na adui, na mistari ya wengine itabaki nusu. Jedwali lako litakuwa limerudia upendeleo uleule wa filamu.

Daraja la upanga

Safu ya 7 ndiyo moyo wa kazi, kwa hiyo tuieleze taratibu.

Daraja 0 ni asiye na silaha, au aliyefungwa, au aliyeelekezewa silaha. Daraja 1 ni mwenye silaha ya kusimama nayo: mlinzi wa mlango wa jumba la kifalme, ameshika kitara kipana, filamu nzima hakitumii. Daraja 2 ni anayepigana katika vurugu, pale watu 30 wanaporukiana sitahani na hakuna kamera inayokaa naye zaidi ya sekunde chache. Daraja 3 ni pambano lake mwenyewe, lakini dhidi ya adui wa pembeni. Daraja 4 ni pambano kuu, lile ambalo hadithi yote ilikuwa inalielekea.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumpa mlinzi wa mlango daraja 2 au 3 kwa sababu ana kitara kikubwa. Ukubwa wa chuma haujalishi. Angalia kama kimewahi kusogea.

Kwa nini tuliamini pambano kiasi hiki? Kwa sababu pambano ni ghali. Studio zilimwajiri bingwa wa kufundisha upanga, kama Mbelgiji Fred Cavens aliyewafunza Errol Flynn na Basil Rathbone, akapanga kila pigo kama mchezo wa dansi, waigizaji wakalirudia mpaka mwili ukalizoea, kisha siku za kupiga picha zikatumika kwa watu wawili tu. Pambano la mwisho la Scaramouche ya 1952 linapita dakika 6, likipanda ngazi na kuruka viti vya ukumbi wa maonyesho. Hakuna anayetumia muda huo kwa mtu asiyemthamini. Ukihesabu mapambano, unasoma daftari la matumizi ya studio.

Aina ya silaha nayo iandikwe. Filamu hizi ziligawa chuma kwa kabila. Upanga mwembamba wa Ulaya hubeba heshima: watu husalimiana kwanza, na mpinzani akidondosha wake anaruhusiwa kuuokota. Jambia, sumu na kamba ya kunyongea hupewa "mtu wa Mashariki", naye hupiga kwa nyuma. Kwa hiyo weka alama ndogo pembeni: H kwa anayepigana kwa hila, W kwa anayepigana waziwazi. Ukimaliza filamu tatu, simamisha jedwali na usome safu hiyo peke yake kutoka juu hadi chini.

Jina, neno, na mwisho

Haya mengine ni mepesi zaidi. Kwenye jina, tofautisha jina la mtu na jina la cheo au la asili. "Mtumwa", "mlinzi" na "Mmongolia" si majina. Kwenye neno, usihesabu mistari ya mazungumzo tu. Uliza kama wahusika wawili wa kundi lililosukumwa pembeni wamewahi kuzungumza wao kwa wao, kuhusu jambo lisilomhusu stelingi. Kipimo hiki kinafanana na kile kilichotoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985 kuhusu wanawake, na kinafaa vilevile kwa rangi na asili.

Kwenye mwisho, andika mambo matatu: yu hai, yuko na nani, anaelekea wapi. Sote tunajua stelingi hafi. Swali ni nani mwingine aliyeruhusiwa kubaki hai, na kwa malipo gani.

Mfano wa karibu: Baghdad mbili

Chukua The Thief of Bagdad ya 1924. Mwizi Ahmed ni Douglas Fairbanks, mzaliwa wa Denver. Anajipenyeza usiku hadi chumba cha binti mfalme. Mmoja wa wajakazi anashtuka. Ni Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles, hata miaka 20 hajatimiza. Ahmed anamwekea ncha ya jambia mgongoni. Simamisha hapo. Mgongo uko wazi, mwili umekakamaa, macho yanatafuta njia bila kichwa kugeuka. Ni fremu ambayo watu wameikumbuka kwa miaka 100 hivi, na ndani yake mhusika wake hana jina: ni mtumwa wa Kimongolia, basi. Daraja 0, na yuko upande wa ncha. Baadaye, kwa amri ya mwana mfalme wa Wamongolia, yeye ndiye anayempa binti mfalme sumu. Andika H. Mstari wake umekamilika: hana jina, hana upanga, ana sumu, na bado ndiye mwigizaji ambaye macho hayamwachi.

Sasa leta ya 1940. Yule mwizi mmoja amegawanywa kuwa watu wawili. Kuna Ahmad, mfalme aliyepinduliwa, anayeigizwa na Mwingereza John Justin. Na kuna Abu, mwizi mdogo, anayeigizwa na Sabu, mzaliwa wa Mysore nchini India. Mwaka 1924 mwizi alifanya ujasiri wote na akamwoa binti mfalme. Mwaka 1940 Abu ndiye anayefanya sehemu kubwa ya ujasiri, lakini ndoa inakwenda kwa Ahmad. Abu anapanda zulia na kuruka kwenda kutafuta visa vingine.

Hapa ndipo mchambuzi asiyejihadhari huteleza kwa pande mbili. Mmoja atasema Sabu amenyang'anywa kila kitu. Si kweli: ana jina, ana maneno, ana akili, na filamu inafunga naye akiwa hai na huru, kwa furaha ya kweli. Mwingine atasema alikuwa kijana mdogo tu, ndiyo maana hakuoa. Umri ni sababu halali, Sabu alizaliwa 1924, lakini ni nani aliyeamua kwamba mwizi awe mtoto na mpenzi awe Mwingereza? Andika yote mawili kwenye jedwali. Kazi yako ni kuonyesha mahali mgawanyo ulipofanyika.

Katika filamu hiyohiyo yumo Rex Ingram, mwigizaji Mmarekani mweusi, akiwa jini mkubwa kama mlima. Ukitumia safu za kawaida utamwandika "mtumishi mwenye nguvu za ajabu", na utakuwa umepata nusu. Msikilize. Abu anamrudisha chupani kwa werevu na kumfunga kwa ahadi ya matakwa matatu, lakini jini haombi radhi kwa lolote, na la tatu likiisha anaondoka akicheka, hana bwana. Kwa viwango vya Hollywood ya 1940, mtu mweusi kuondoka kwenye skrini akicheka, akiwa huru, ni jambo la kuandikwa kwa wino mzito katika safu ya 8.

Soma tarehe kabla ya kusoma mapenzi

Hollywood ilikuwa na kanuni za utayarishaji, wengi wanaziita kanuni za Hays. Ziliandikwa 1930 na zikaanza kusimamiwa kwa ukali katikati ya 1934. Zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya watu weupe na weusi. Katazo hilo liliondolewa 1956, na kanuni zenyewe zikaachwa 1968. Kwa vitendo studio ziliuvuta woga huo mpaka kwa waigizaji wenye asili ya Asia.

Matokeo yake ni ya kimahesabu kabisa. Kama stelingi ni mweupe na hadithi inataka apendwe na binti wa Baghdad au wa India, binti huyo ataigizwa na mwanamke mweupe aliyevalishwa hariri na kupakwa rangi. Ndiyo sababu katika Against All Flags binti wa mfalme wa Wamughal, watawala wa India, anaigizwa na Mmarekani Alice Kelley. Kwa hiyo, juu ya jedwali, andika mwaka wa filamu na kipindi chake: kabla ya 1934, kati ya 1934 na 1956, au baadaye. Ukisahau hatua hii utawalaumu watu binafsi kwa jambo ambalo lilikuwa kanuni iliyoandikwa, au utaisamehe kanuni kwa kudhani ni ladha ya mwongozaji mmoja.

Nani yuko chini ya rangi ya kupaka

Kutambua mwigizaji aliyepakwa rangi, tazama sehemu nne: nyuma ya sikio, ukosi wa vazi, viganja, na kifundo cha mkono pale shati linapopanda wakati wa kupigana. Matukio ya upanga ni mazuri kwa hili, maana jasho na mikono iliyoinuliwa hufichua mipaka.

Lakini usimalize kwa macho. Macho na majina yamewadanganya wengi. Katika orodha ya waigizaji ya Thief ya 1924, mwana mfalme mnene wa Uajemi ni mwanamke, Mfaransa Mathilde Comont. Mwana mfalme wa India ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1916, pamoja na ndugu yake George, alianzisha kampuni ya Lincoln ya kutengeneza filamu za watu weusi. Huyohuyo Johnson mwaka 1932 alipakwa weupe akaigiza mtumishi wa Kirusi katika The Most Dangerous Game. Gilbert Roland, jina la Kiingereza na Kifaransa, ni mzaliwa wa Ciudad Juárez, Mexico. Anthony Quinn, jina la Kiayalandi, alizaliwa Chihuahua, na aliigiza haramia baada ya haramia na mtawala wa Kiarabu katika Sinbad the Sailor ya 1947. Maria Montez, malkia wa filamu za jangwa za studio ya Universal, alitoka Jamhuri ya Dominika.

Na jihadhari na Rex Ingram wawili. Mmoja ni yule jini. Mwingine ni mwongozaji mweupe aliyezaliwa Dublin, aliyetengeneza The Prisoner of Zenda ya 1922 na Scaramouche ya 1923. Wote wawili wamo katika filamu za mapanga, na hifadhidata zisizo makini huwachanganya. Kila jina kwenye safu ya 3 lithibitishwe kwa mwaka wa kuzaliwa pamoja na mahali.

Rudi kwenye kitabu, kisha kwenye historia

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayolipa zaidi. Filamu nyingi za mapanga zilitokana na vitabu, na nyuma ya vitabu walikuwepo watu ambao filamu zenyewe zisingewapa nafasi.

Alexandre Dumas, aliyewapa ulimwengu wale askari watatu wa mfalme mwaka 1844, alikuwa mjukuu wa Marie-Cessette, mwanamke mtumwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa huko 1762 akapanda hadi kuwa jenerali wa jeshi la Ufaransa. Mwaka mmoja kabla ya askari wale, Dumas alikuwa ametoa Georges, riwaya ya stelingi chotara katika kisiwa cha Mauritius. Linganisha ni mara ngapi askari watatu wamefanywa filamu, na mara ngapi Georges. Vivyo hivyo The Golden Hawk ya 1952: sitahani ni Sterling Hayden na Rhonda Fleming, lakini riwaya iliandikwa na Frank Yerby, Mmarekani mweusi kutoka Augusta, Georgia. Kwa hiyo ongeza mstari juu ya jedwali: mwandishi wa asili ni nani.

Kwenye historia, uwe sahihi. Katika Captain Blood, daktari Peter Blood anauzwa mnadani Port Royal, Jamaika, baada ya uasi wa Monmouth wa 1685 nchini Uingereza, na Arabella anamnunua kwa pauni 10. Mchambuzi mwenye haraka huandika kwamba ni uongo, kwamba hakuna Mwingereza aliyeuzwa hivyo. Si uongo: waasi wale kweli walipelekwa visiwani kufanya kazi ya lazima. Tatizo ni lingine. Kisiwa kilikuwa tayari kinaendeshwa kwa jasho la Waafrika waliotumikishwa, na hadithi inauchukua mnada, mjeledi na shamba la miwa, ikayaweka yote juu ya mwili wa mtu mweupe ili tumwonee huruma. Maumivu yamebaki, wenyewe wameondolewa. Ukiandika hivyo, hakuna atakayekupinga kwa kitabu cha historia mkononi.

Halafu tafuta maharamia halisi. Meli ya Whydah ya Samuel Bellamy ilikuwa meli ya watumwa kabla ya kutekwa. Ilizama karibu na Cape Cod, pwani ya mashariki ya Marekani, mwezi Aprili 1717 ikiwa na mabaharia wa asili mbalimbali. Waliookoka kutoka Whydah yenyewe walikuwa wawili: Thomas Davis, fundi seremala, na John Julian, kijana wa Kimiskito, wenyeji wa pwani ya Amerika ya Kati. Davis alishtakiwa akaachiwa huru. Julian hakusimamishwa kizimbani. Inaaminika aliuzwa utumwani. Weka wawili hao mbele ya filamu yoyote ya maharamia na uulize ni yupi kati yao ambaye angepewa jina.

Against All Flags nayo imewekwa Diego Suarez, Madagascar. Ina mwangwi wa tukio la kweli: mwaka 1695 haramia Mwingereza Henry Every aliteka meli ya mfalme Aurangzeb wa Wamughal, Ganj-i-Sawai. Jaza jedwali lake ukiwa na swali moja kichwani: Wamalagasi ni wangapi, na kuna hata mmoja mwenye jina?

Wanawake wenye upanga

Hapa daraja la upanga peke yake halitoshi. Lazima lisomwe pamoja na safu ya 8. Jean Peters katika Anne of the Indies ni nahodha, anapambana kwa panga na haramia Blackbeard ndani ya kilabu cha pombe, na mabaharia wanamtii. Daraja 4, W. Kisha tazama mwisho: anakufa, ili wapenzi wengine wawili waishi. Maureen O'Hara katika Against All Flags ana upanga na ana sauti katika baraza la maharamia, na anamaliza akiwa hai mikononi mwa Errol Flynn. Ukipanga filamu kadhaa za miaka ile utaona njia mbili zikijirudia: afe na upanga wake, au auweke chini aolewe. Anayebaki na upanga na maisha yake ni adimu. Ukimpata, mwandikie ukurasa mzima.

Anne Bonny na Mary Read, maharamia wa kweli, walishtakiwa Jamaika 1720, na wote wawili waliepuka kitanzi kwa kuwa walikuwa wajawazito. Usitumie maisha yao kuthibitisha kwamba filamu "zilizidisha" ujasiri wa wanawake.

Kuongoza kikao cha klabu

Saa 2 zinatosha, watu 8 hadi 20. Usionyeshe filamu nzima. Waambie waje wameitazama. Chagua vipande 4, visizidi 5, vya dakika 4 hadi 7 kila kimoja. Gawa watu katika makundi manne: la jina, la neno, la upanga, la mwisho. Kila kundi liandike kimya wakati kipande kikiendelea, kisha liseme dakika 2 kabla ya mjadala wa wote. Kundi la upanga liseme la mwisho, vinginevyo litafunika wengine.

Mambo matatu huharibu kikao. La kwanza ni hoja kwamba wakati ule ndivyo ilivyokuwa, hakukuwa na namna. Usibishane, weka filamu ya mwaka uleule. Mwaka 1935, wakati Captain Blood inatoka Hollywood, kampuni ya Wadia ya Bombay ilitoa Hunterwali, iliyoongozwa na Homi Wadia: binti mfalme anayevaa kinyago, anapanda farasi na kuwaadhibu wadhalimu kwa mjeledi. Basi namna ilikuwepo. Lakini uwe mkweli hapo pia. Nyota wake, Fearless Nadia, alikuwa Mary Ann Evans, mzaliwa wa Perth, Australia, kwa hiyo jedwali lake nalo lina maswali yake.

La pili ni kikao kugeuka mahakama ya waigizaji. Mtu atasema Anna May Wong hakupaswa kukubali nafasi ile. Tenganisha nafasi na ufundi: waambie wataje, kwa sekunde, jambo moja ambalo mwigizaji alilifanya na halikuwa kwenye mswada. Mara nyingi chumba hutulia.

La tatu ni uchovu. Baada ya kipande cha tano watu huanza kurudia maneno. Funga mapema.

Kuandika matokeo

Usianze na hukumu. "Filamu hii ni ya kibaguzi" haimsaidii msomaji, na "filamu hii ni ya wakati wake" haimsaidii pia. Anza na tendo, fuata na idadi, kisha sababu. Mfano: "Kati ya wahusika 14 wenye mistari kwenye jedwali, 9 wana majina, wote waliofika daraja 3 na 4 ni Waingereza au Wafaransa, wahusika wa visiwani wapo kwenye daraja 0 na 1, na hakuna anayeonekana baada ya meli kung'oa nanga." Namba hizi ni za kuonyesha umbo la sentensi tu, weka zako. Sema ulitazama nakala ipi na urefu wake. Mahali ambapo hukuweza kuthibitisha asili ya mwigizaji, acha kisanduku wazi. Kisanduku kitupu ni taarifa. Kisanduku kilichojazwa kwa kukisia ni kosa litakalonukuliwa na wengine.

Hifadhi jedwali, kwa sababu litakuja kutumika tena kwa filamu za baadaye zilizojaribu kurekebisha. Swashbuckler ya 1976 inampa James Earl Jones jina, ucheshi na upanga kando ya Robert Shaw. Robin Hood: Prince of Thieves ya 1991 inamleta Morgan Freeman kama Azeem, mwenye kitara kinachosogea kweli, ingawa pambano kuu linabaki la Robin. Zoe Saldana ni Anamaria katika filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean, 2003, kisha katika zilizofuata hayupo. Jaza safu ya 7 na ya 8 kwa kila mmoja wao, uziweke kando ya zile za 1924.